Mafua ya Kwemhungo

Wagonjwa wa Kwemhungo walikuwa wakidanganya. Dorkasi aligundua hilo asubuhi yake ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa mahali pa kutundika koti.

Mwanamke mmoja alisema anaumwa kichwa. Dorkasi alimgusa shingoni akakuta joto la kuunguza. Alimwuliza kama anatetemeka jioni, kama anatapika. Mwanamke aliutazama mlango kwanza, ndipo akajibu, "Ni kichwa tu, nesi. Nipe vidonge nirudi kazini." Aliyemfuata alikuwa na jeraha la panga mguuni ambalo limeanza kunuka, naye akasema amejikwaa kwenye jiwe. Mwingine alipoulizwa jina lake alifikiri kidogo kabla ya kulitaja, na kesho yake aliporudi kubadilishiwa bendeji alitaja jina jingine.

Kule alikotoka, hospitali ya misheni karibu na kwao Bungu, mambo hayakuwa hivyo. Kila asubuhi baada ya sala wauguzi wote walikaa chumba kimoja na kusema waliyoyaona usiku, nani kazidiwa, nani kakosea dawa. Walikaripiana hapohapo na kumaliza hapohapo. Dorkasi alisomea ukunga kule na angeendelea kubaki, lakini aliolewa na Rubeni, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai cha Kwemhungo. Zahanati ya shamba ilikuwa inatafuta nesi, na nyumba ya kampuni ilikuwa tayari, ya matofali, yenye bomba uani. Hakuona sababu ya kukataa.

Kwemhungo lilikuwa shamba la Wazungu hadi lilipotaifishwa baada ya Azimio. Wazungu waliondoka na mbwa wao na samani zao, na aliyekuwa karani mkuu akawa meneja. Ofisini palibandikwa maneno ya ujamaa, na watu wakaanza kuitana ndugu. Lakini desturi moja ya zamani haikuguswa. Kila siku, king'ora kikishalia, mtu wa zahanati alipanda hadi ofisini kumweleza meneja nani ameugua na anaumwa nini.

Aliyepanda alikuwa Mzee Bartholomeo, mganga msaidizi. Alikuwa mtu wa Songea aliyekuja Usambara kijana, akiwa na kundi la wachuma chai, na tangu hapo hakurudi kwao. Watu walimwita daktari. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na viatu vyake vilikuwa na nyayo za mpira, hivyo humsikii mpaka amesimama nyuma yako. Dorkasi alimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitika marahaba bila kumtazama usoni.

"Huyu mzee ananitia wasiwasi," Dorkasi alimwambia mumewe wakati wanakula mchana. "Nikizungumza na mgonjwa, naona miguu yake chini ya pazia."

"Anafanya kazi yake."

"Kazi gani ya kusimama nyuma ya pazia?"

Rubeni aliendelea kumega bada, ugali wa muhogo. "Kila mahali pana namna yake, Dorkasi. Hapa si misheni. Fanya yako, usiulize ya watu, utazoea."

"Wewe umezoea?"

"Mimi nina miaka hapa," alisema, jambo ambalo Dorkasi baadaye aliliona kuwa si jibu.

Alijaribu kuzoea. Aliacha kuwauliza wagonjwa maswali mengi. Alijifunza kusema "haya" na kunyamaza. Akina mama wa kambi ya wachumaji walipokuwa bombani wakicheka, wakimwona waligeuza maneno na kuanza kuzungumzia mvua, na yeye alizungumzia mvua pamoja nao. Alianza kupima kila salamu. Elizabeti, mke wa dereva wa lori, alipomletea matango, alikaa akijiuliza matango yale yametumwa na nani.

Kisa cha hofu ile alikipata kwa vipande. Nesi aliyemtangulia alikuwa mtu wa kusikiliza sana. Wanawake walimweleza siri zao, naye akazipandisha ofisini. Wengi wa wachumaji walikuwa vibarua, na kibarua hana likizo ya ugonjwa wala ya uzazi. Jina lake lisipoitwa asubuhi na nyapara, basi hana kazi. Wanawake kadhaa hawakuitwa tena. Nesi yule alipata uhamisho mzuri, akaondoka. Dorkasi alikuja kukaa kwenye kiti chake, na juu ya hayo alikuwa mke wa Rubeni, mjumbe wa kamati ya wafanyakazi, mtu anayeketi meza moja na meneja. Kwa macho ya kambi hakukuwa na shaka yeye ni nani.

Mwanamisi alikuja siku ya ukungu mzito, amefunga shavu kwa kitambaa. Alikuwa binti wa Handeni, hajafika miaka ishirini, na mumewe alikuwa amekwenda kutafuta kazi ya mkonge kule chini, upande wa Mazinde, asirudi wala kuleta habari.

"Jino, dada nesi," alisema.

Dorkasi alimtazama kinywa. Meno yote yalikuwa mazima. Kisha akatazama miguu yake iliyovimba juu ya kandambili, na jinsi alivyokaa, ameegemea nyuma, mkono mmoja kiunoni. Alivuta pazia mpaka mwisho, akanong'ona, "Fungua khanga."

Mwanamisi hakusogea.

"Sitamwambia mtu. Fungua nione."

Chini ya khanga palikuwa na kitambaa kingine, kipande cha shuka, amejifunga mara nyingi kwa nguvu hata ngozi imekwaruzika. Dorkasi alikifungua taratibu. Tumbo lilishuka mikononi mwake, kubwa, na mtoto akacheza papo hapo kana kwamba ametolewa gerezani.

"Unaweza kumwumiza ukijifunga hivi," alisema.

"Nisipojifunga nyapara ataona."

"Imebaki kidogo sana. Ulifikiri utazalia wapi?"

Mwanamisi alianza kulia bila sauti. "Wewe ni mtu wa nani, dada? Niambie tu nijue. Ni wa meneja au ni wa nani?"

"Mimi ni mkunga."

"Hata yule wa kwanza alikuwa mkunga."

Dorkasi alimfundisha kujifunga kwa namna isiyobana, chini ya tumbo, akampa dawa ya kuongeza damu na kumwambia arudi kila wiki na jino lake. Alipofungua pazia, Mzee Bartholomeo alikuwa kwenye meza ya dawa, amegeuza mgongo, akisafisha chupa ambayo tayari ilikuwa safi.

"Yule wa jino," alisema bila kugeuka, "umemng'oa?"

"Hapana, mzee. Nimempa dawa."

"Jino la namna ile halina haraka. Lakini likianza, limeanza."

Dorkasi alikwenda nyumbani na maneno hayo yakimzunguka kichwani. Aliyageuza huku na huku. Kama mzee amesikia yote, kesho yatakuwa yamefika ofisini. Kama hajasikia, kwa nini aseme hivyo? Asubuhi, king'ora kilipolia, alisimama dirishani akamwangalia Bartholomeo akipanda njia ya ofisini taratibu, mikono nyuma.

Lakini Mwanamisi aliitwa kazini kama kawaida. Siku iliyofuata pia aliitwa. Hilo halikumtuliza Dorkasi. Aliona wanangoja kitu.

Haikupita wiki akaitwa na meneja.

Meneja alikuwa mtu wa adabu. Alimkaribisha kiti, akammiminia chai yeye mwenyewe, akamwuliza hali ya wazazi wake Bungu. Dirisha la ofisi lilitazama bonde lote, mistari ya chai ikiteremka hadi ukunguni.

"Umepazoea, ndugu Dorkasi?"

"Najitahidi, bwana meneja."

"Ndugu," alimsahihisha, akatabasamu. "Zamani hapa mtu akijifanya mgonjwa alimwibia Mzungu. Watu walimsifu. Sasa shamba ni letu. Anayejificha anamwibia nani?"

Dorkasi alikoroga chai yake.

"Mzee Bartholomeo hunijia kila siku. Namheshimu, amenizidi umri. Lakini kwa habari zake, watu wa Kwemhungo hawaugui kitu ila mafua. Kiangazi mafua, masika mafua. Nyapara ananiambia kuna wanawake wanachuma nusu kikapu na kushika viuno. Zahanati inaniambia mafua. Wewe umesoma. Ni mafua kweli?"

Dorkasi aliiona kama mtego. Ama mzee ni mvivu wa kazi na meneja anataka kumwondoa, ama wamepanga wote wawili kumjaribu, waone atasema nini kuhusu Mwanamisi. Alikunywa chai kidogo apate muda.

"Huku juu kuna baridi," alisema.

Meneja aliegemea kiti. "Napenda wewe uanze kuja. Peke yako, jioni, ukipita kwenda nyumbani. Sikulazimishi leo. Fikiri." Alisimama kumfungulia mlango. "Rubeni ni kijana mzuri. Nafasi ya fundi mkuu itakuwa wazi karibuni."

Alipofika nyumbani Rubeni alikuwa amekwisha kujua kwamba ameitwa.

"Nani kakwambia?"

"Kiwanda kizima kinajua. Alitaka nini?"

"Kwani wewe hujui?"

"Nitajuaje?"

"Unakaa naye kwenye kamati."

Rubeni aliweka kofia yake mezani. "Dorkasi, kama ni kumpa habari za mafua ya watu, mpe. Kila mtu hapa anatoa kidogo ili aachwe aishi." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Yule binti wa Handeni ana nini?"

Dorkasi hakuwa amemtajia mumewe Mwanamisi hata siku moja. "Anaumwa jino," alisema. Wakaketi kula. Alikuwa akimtazama mikono, mikono ileile aliyoipenda, yenye grisi isiyotoka kwenye kucha, akijiuliza inafungua milango ya nani.

Kesho yake alijaribu jambo moja. Zahanati ilikuwa tupu. Bartholomeo alikuwa akimimina dawa ya kikohozi kutoka chupa kubwa kwenda ndogo.

"Meneja aliniita, mzee."

"Najua."

"Aliniuliza juu ya mafua."

Mkono wa mzee ulisimama. "Ukasemaje?"

"Nikasema huku juu kuna baridi."

Aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Midomo yake ilifunguka kidogo. Dorkasi alingoja. Lakini mzee akarudi kwenye chupa zake. "Baridi ipo," alisema, akaendelea kumimina.

Uchungu ulimshika Mwanamisi mapema kuliko walivyotarajia, asubuhi yenye mvua, kwenye mteremko wa mbali kuliko yote. Mwanamke mmoja alikuja mbio zahanati, matope hadi magotini, akasimama mlangoni akihema. Alimwona Dorkasi, akamwona Bartholomeo, akakosa la kusema.

"Ni jino," alisema hatimaye.

Dorkasi alikimbilia kabati kutafuta mkasi na pamba. Mkasi haukuwepo. Wala nyuzi, wala taulo safi. Alipogeuka, Bartholomeo alikuwa tayari mlangoni na mkoba begani. "Vyote vimo humu," alisema. "Vimechemshwa. Twende."

Walimkuta kwenye kibanda cha kupimia majani. Wachumaji walikuwa wamevua mashuka yao ya plastiki ya kujikinga na mvua na kuyatundika yawe kuta. Walipowaona wawili hao wakija pamoja, wanawake walisogeana karibu zaidi, wakaziba njia. Dorkasi ilibidi awapenye kwa mabega.

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeonekana, lakini kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. "Usisukume sasa," Dorkasi alimwambia Mwanamisi. "Hema kama mbwa. Nitazame mimi." Alisema bila kuinua macho, "Mzee, mshike mabega," na mzee akapiga magoti kwenye matope akamshika, akimnong'oneza maneno ya kwao Songea ambayo Mwanamisi hakuyaelewa lakini yalimtuliza. Dorkasi aliingiza kidole, akakivuta kitovu taratibu, akakipitisha juu ya kichwa. Mtoto alitoka wa rangi ya majivu. Alimsugua, akampuliza, akamsugua tena. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Kisha mtoto akakohoa, akakunja uso na kulia.

Mwanamke mmoja alianza kulia naye. Mwingine alimpa Dorkasi khanga yake kavu, akisema, "Ahsante, dada," na ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kambi kumtazama machoni.

Wakati mama na mtoto wamelala zahanati, Dorkasi alimkuta Bartholomeo uani akiosha mikono.

"Ulijua," alisema.

"Tangu siku ile ya kwanza. Mtu wa jino hatembei vile."

"Na mkoba?"

"Niliuandaa siku hiyohiyo. Kila jioni nilivichemsha upya." Alijifuta mikono polepole. "Ulitaka niseme nini pale ofisini? Kila asubuhi nilipeleka mafua. Malaria nikaita mafua, mimba nikaita mafua, hata mguu wa panga. Baada ya yule nesi, niliapa hakuna jina litakalotoka kinywani mwangu tena."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe uliletwa na ofisi. Mumeo yumo kwenye kamati. Nilisimama nyuma ya pazia kusikiliza unawauliza nini." Alitundika kitambaa. "Nilikuogopa kuliko ninavyomwogopa meneja, binti yangu. Yeye haelewi ugonjwa. Wewe unaelewa."

Dorkasi aliketi kwenye ngazi. Alikumbuka asubuhi zote alizosimama dirishani akimchukia mtu huyu.

Meneja alikuja mwenyewe alasiri. Alimtazama mtoto, akampongeza mama kwa maneno mazuri, kisha akawaita wahudumu wake nje.

"Nani alijua?"

Bartholomeo alitazama chini. Dorkasi alingoja aseme, na aliponyamaza, hasira ilimpanda, halafu akaielewa sababu, ikashuka.

"Mimi," alisema.

"Ukanificha."

"Ni mgonjwa wangu."

Meneja hakupandisha sauti. "Basi kuanzia kesho utakuja ofisini kila jioni kama nilivyokuomba. Ukiona huwezi, unijulishe, nitafute mwingine."

Alipoondoka, Bartholomeo alisema kwa aibu, "Tukiondoka wote wawili, ataletwa mtu nisiyemjua."

"Naelewa, mzee."

"Wewe bado unaweza kwenda. Au unaweza kuzoea, inawezekana. Mimi nimezoea." Alitabasamu bila furaha. "Mke wangu akiniuliza nimekula nini mchana, nafikiri kwanza kabla ya kujibu. Hivyo ndivyo kulivyo kuzoea."

Maneno hayo ndiyo yaliyokata shauri, kuliko ya meneja. Dorkasi alikuwa amesikia kuwa upande wa Shume kuna kijiji ambacho watu wamejenga zahanati kwa mikono yao na sasa wanatafuta mkunga. Alikwenda Lushoto kwa mganga mkuu wa wilaya kuuliza, akaambiwa nafasi ipo na hakuna anayeitaka kwa sababu ya baridi. Alimwambia Rubeni siku hiyohiyo, akitegemea ugomvi.

Rubeni alisikiliza hadi mwisho. "Mimi siwezi kuacha kazi sasa hivi," alisema.

"Sijakwambia uache."

"Nyumba hii je?"

"Ni ya kampuni."

Alimsaidia kufunga mizigo, akampandisha lori la mbao, wala hakusema neno jingine. Dorkasi aliondoka bila kujua kama mumewe amemkasirikia, amemwonea aibu, au ana jambo analolificha.

Zahanati ya Shume ilikuwa chumba kimoja kilichonuka mbao mbichi za msonobari. Watu wake walimshinda kwa njia nyingine. Walisema kila kitu, kwa sauti, barabarani, mbele ya mtu yeyote. Mzee mmoja alimsimamisha katikati ya bustani za kabichi kumweleza habari za choo chake huku jirani zake wakitoa maoni. Kamati ya kijiji ilimwita mkutanoni kumwuliza kwa nini amechelewa kufungua Jumatatu, kisha wakampigia makofi alipoeleza. Mwanzoni aliamini wanamchunguza. Aliyarudia maswali yao kichwani akitafuta yaliyo nyuma yake, na hakupata kitu. Wiki nyingi zilipita kabla hajakubali kwamba walikuwa wanauliza tu.

Rubeni alikuja Jumamosi moja na viazi na sukari. Kabla yake alikuwa ametangulia Mwanamisi, mtoto mgongoni, kuja kumpimisha. Yeye ndiye aliyeleta habari. Jina lake halikuitwa tena baada ya kujifungua, alisema, lakini kwenye mkutano wa kamati mtu mmoja alisimama na kusema kama shamba ni la wananchi, basi hata mtoto aliyezaliwa kwenye kibanda cha majani ni mwananchi, na mama yake apewe kazi ya kudumu. Watu wakamwunga mkono mpaka meneja akakubali. Sasa Mwanamisi anachambua majani kiwandani.

"Nani huyo aliyesimama?" Dorkasi aliuliza.

Mwanamisi alimshangaa. "Si ni shemeji, mumeo! Hakukwambia?"

Basi Rubeni alipotua kikapu, Dorkasi hakumkaribisha hata kiti.

"Uliniuliza habari za binti wa Handeni. Ulijuaje?"

Rubeni alifikiri kwanza. Kisha, kama mtu anayejilazimisha, akaacha kufikiri. "Niliona anavyotembea. Mama yangu alizaa tisa. Nilitaka kujua kama na wewe umeona, ili nijue kama yuko salama."

"Na kiti cha fundi mkuu?"

"Amepewa mwingine."

"Mbona hukusema lolote? Siku zile zote?"

"Kule hatusemi," alijibu. "Hata ninapotaka kusema, siku hizi sijui naanzia wapi."

Dorkasi alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta usoni mwake alama ya uongo kama alivyojifunza kufanya Kwemhungo. Aliona uchovu tu, na vumbi la safari. Alichukua kiazi kimoja kikapuni, akakipima mkononi, akamwuliza kama kiwanda cha mbao hapa Shume hakihitaji fundi. Rubeni alisema atakwenda kuuliza Jumatatu.

Nje mtu alikuwa akipiga kelele kutoka upande wa pili wa bonde kwamba mkewe anaharisha tangu asubuhi na nesi aje na dawa. Dorkasi alichukua mkoba. "Njoo unisaidie kubeba," alimwambia mumewe, na wakashuka pamoja katikati ya kabichi.